Ufunguo Ndani ya Tofali

Naftalini haina adabu. Inaingia mlangoni kabla ya mwenye nayo, haipigi hodi, na ikishakaa puani huitoi hata kwa sabuni. Mwezi uliopita mama mmoja aliingia kwenye chumba changu cha kushonea, hapa Beni, na mfuko begani. Kabla hajafungua mdomo nilijua amebeba nini: kikwembe cha zamani, kitenge kilicholala sandukuni miaka mingi pamoja na vile vidonge vyeupe. Akakitandaza juu ya meza yangu polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Mama Masika," akaniambia, "hii ilikuwa ya dada yangu. Alishakufa. Nataka unishonee robe, lakini usikate."

"Nishone gauni bila kukata?"

"Ndiyo. Usikate."

Nimeshona zaidi ya miaka ishirini. Nimeshonea maharusi, nimeshonea makwaya mazima, na wasichana ninaowafundisha kazi wanajua kwamba mdomo wangu haukosi jibu. Siku ile pua ilitangulia mdomo. Nilivuta ile harufu mara moja tu, nikajikuta nina miaka minane, niko Butembo, nimebana ufunguo mkononi.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Kwao ni upande wa Kwilu, ng'ambo ya pili ya nchi, mbali hadi sisi watoto tulidhani ni nchi nyingine kabisa. Serikali ilimtuma Butembo akiwa kijana mwenye nywele nyingi. Akaoa mama yangu, binti wa Vuhovi, wakatuzaa miye na mdogo wangu Kambale. Lakini ungeingia nyumbani kwetu ungesema tumehamia jana. Kuta hazikupakwa chokaa. Nyuma ya nyumba palikuwa na majani matupu, aibu kubwa katika mji ambao hata mtu mwenye kiwanja cha kugeuzia mguu anapanda mistari miwili ya maharagi. Mama akishika jembe, baba alisema, "Tungoje kwanza. Pengine mwaka huu batanihamisha." Mwaka huo haukufika, na majani yakaendelea kuota.

Kitu pekee kilichokuwa na mahali pake kwetu ni sanduku. Lilikuwa la chuma, la rangi ya kijani, na kufuli kubwa kama ngumi ya mtoto. Lilikaa kwenye kona ya sebule, na hatukuruhusiwa hata kuliwekea kikombe. Kila Jumapili baada ya misa, jua likiwa juu, baba alichukua ufunguo kwenye msumari, nyuma ya rozari ya mama, akalifungua. Akatoa viatu vyeusi ambavyo sikuwahi kumwona navyo miguuni. Akatoa karatasi zake. Mwishoni akatoa kikwembe kilichofungwa ndani ya gazeti, cha buluu, chenye picha za ndege, kanga weupe wanaotembea wakifuatana, wote wakitazama upande mmoja. Alikitandaza kwenye mkeka barazani, akakaa kando yake saa nzima kukilinda na kuku, asiseme na mtu. Kisha akakikunja kwenye mikunjo ileile, akaongeza vidonge vya naftalini, akafunga. Mama alikuwa jikoni muda wote huo, akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, kwa nguvu kuliko yalivyohitaji.

Mama alijua kikwembe ni cha nani. Sisi watoto hatukuambiwa, kwani nani alikuwa anaelezea watoto jambo lolote siku hizo? Basi nilijieleza mwenyewe. Wanawake pale kwenye bomba la maji walinisaidia. Siku moja niliwasikia, wakidhani nimeshaondoka na bidoni yangu ya maji.

"Walimu ba mbali njo namna yabo," mmoja alisema. "Anazaa na wetu hapa, kisha siku moja anabeba malle, sanduku yake, anarudia muke wa kwabo."

Loo! Nilijumlisha. Sanduku lililofungwa tayari, viatu vya safari, kikwembe kipya ambacho mama yangu hakupewa, nyumba isiyopakwa chokaa, jembe linalokatazwa. Jibu likaja: baba ana mke huko Kwilu, na kila Jumapili anakagua mizigo. Nilikuwa binti wa mwalimu wa hesabu na hesabu yangu ilikuwa safi. Kosa lilikuwa kwenye swali.

Jumapili moja nikamwona anapaka vile viatu kiwi. "Likizo kubwa hii, pengine," akamwambia mama. Mama akaendelea kutwanga. Nikaona mwisho umefika. Kesho yake mchana, baba akiwa shuleni na mama sokoni, nilipanda kwenye kiti nikaingiza mkono nyuma ya rozari.

Bondeni nyuma ya nyumba yetu wanaume walikuwa wakifyatua matofali. Nani asiyejua Butembo na matofali yake? Udongo mwekundu unakandwa kwa miguu, unajazwa kwenye kibao cha kufyatulia, na tofali linatolewa bichi, linang'aa, linalazwa kwenye mstari na wenzake. Saa ile walikuwa wamekwenda kula. Nilichagua moja la katikati, nikausukuma ufunguo ndani hadi kidole kikazama, nikaziba tundu, nikalainisha kwa mate. Nikasali Salamu Maria moja. Mpaka leo sijui nilikuwa namwomba Mama Maria kitu gani, wizi uwe salama au vipi.

Matofali yakakauka. Yakapangwa tanuru, yakachomwa kwa kuni za mikalitusi, bonde zima likajaa moshi na macho yetu yakawasha siku tatu. Kisha vijana wakaja na chukudu zao, zile baiskeli za mbao za kusukuma, wakapakia, wakasukuma juu mlimani wakiimba. Ufunguo wa baba ukaenda kujenga nyumba ya mtu. Yupi, sikujua. Niliona tu vumbi lao, nikacheza peke yangu pale kwenye majani. Nilikuwa nimemfunga baba yangu asiondoke.

Nyumbani baba alitafuta. Alipindua magodoro, akachunguza majivu, akamuuliza mama, akamuuliza Kambale aliyekuwa bado anakojoa kitandani. Akanifikia.

"Masika, uliona fungulo yangu?"

"Hapana, Baba."

Alinitazama kidogo, akanipapasa kichwa, akaendelea kutafuta. Heri angenichapa.

Mama alisema wavunje kufuli tu. Baba akakataa. "Nitaipata," alisema, na wiki iliyofuata akasema vilevile. Jumapili baada ya misa alikaa kando ya sanduku lililofungwa, mikono magotini, saa nzima, kana kwamba kikwembe bado kiko mbele yake. Aliacha kula vizuri. Hata shuleni, wanafunzi walisema, anaandika swali ubaoni na kusahau kurudi kwa jibu. Halafu mvua zikaanza, na Butembo mvua zikianza zimeanza. Bati letu lilikuwa na tundu ambalo halikuzibwa kwa sababu zilezile za kungoja kuhamishwa, na tone lilichagua kona ya sanduku. Naftalini ikafifia. Harufu nyingine ikachukua nafasi yake, ya ubichi, ya nguo iliyosahauliwa kwenye beseni.

Mama ndiye aliyechoka kwanza. Jumamosi moja alitoka bila kuaga, akarudi na fundi wa mabati kutoka sokoni, mzee mwenye nyundo na tindo. Nyuma yao alikuja jirani yetu Mama Katungu, mshonaji, mwanamke ambaye hakuna kitu kilichovunjwa mtaani asihudhurie.

"Piga," mama akamwambia fundi.

Baba alisimama akataka kusema. Nyundo ilishuka mara tatu, kufuli likaruka.

Maji yalikuwa yameingia. Kutu ilikuwa imekula chini, karatasi zimegandana, viatu vimeota ukungu kama masharubu ya mzee. Baba akakitoa kikwembe kwa mikono miwili. Upande mmoja ulikuwa umeoza, kutu na weusi, kanga kama ishirini wamekwisha. Basi akakaa chini, pale pale kwenye saruji, mwalimu mzima na shati lake la kazi, akalia kwa sauti.

"Mama na ngai," alisema. "Mama na ngai."

Kilingala hicho kidogo nilikijua, maana yake ni mama yangu.

"Nilimununulia na mushahara yangu ya kwanza," baba akaanza kusema, hata sijui alikuwa anamwambia nani, labda yule fundi. "Kulikuwa padri anaenda kwetu. Aliniambia, lete, nitamufikishia. Nikakatala. Nilisema nitaenda miye mwenyewe, nimuvalishe na mikono yangu. Likizo ikafika, nikasema ijayo. Ingine, nikasema ijayo. Kisha banakuja kuniita kwa foni ya misioni: mama alishazikwa. Ningetuma na padri! Kitu gani kilinikataza kutuma na padri?"

Yule mke wa Kwilu niliyemchukia miezi mitatu, kumbe alikuwa bibi yangu, mama wa baba, na alishakufa kabla sijajua kutembea. Na kitu chake kimoja alichobakiwa nacho baba, miye ndiye niliyekiozesha. Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Nikarudi nyuma hadi ukutani.

Mama Katungu alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Mwalimu, mama yako alikufa, sasa ni miaka ngapi?"

"Saba."

"Na matanga mulifanya?"

"Wapi? Na nani? Kwetu kuko mbali."

"Yesu Maria!" Alikasirika kweli, uso ulimvimba. "Basi miaka saba uko kwa kilio peke yako, na sisi majirani tunapita hapa inje tunakuambia tu bonjour? Hiyo ni haya yetu, si yako. Huku mutu hapana analia peke yake. Na kilio kinakuwaka na mwisho. Kisipokuwa na mwisho, jembe itashikwa na nani?"

Alitoka hapo akazunguka nyumba kwa nyumba, akiwagombeza watu kana kwamba wao ndio walioua. Jumamosi iliyofuata kiwanja chetu cha majani kilijaa. Walimu walileta mabenchi ya shule. Mjomba, kaka yake mama, alishuka kutoka Vuhovi na gunia la viazi na wembe mpya. Wanawake walipika, wanaume walikaa na kasiksi, ile pombe ya ndizi, wote wakimgeukia baba.

"Tuelezee mama yako," mjomba alisema. "Sisi hatukumujua. Alikuwa mutu wa namna gani?"

Miaka saba hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. Baba alianza kwa shida, kisha maneno yakafunguka. Mama yake alikuwa mfupi, alikuwa na domo. Aliimba vibaya kanisani, kwa nguvu, hata padri alimwomba apunguze, naye akamjibu kwamba Mungu hajalalamika. Watu wakacheka. Baba akacheka! Nilikuwa sijui kwamba ana pengo la jino la pembeni. Jioni ilipokaribia mjomba alimnyoa nywele zote, mama akammwagia maji kichwani, na watu wakapiga makofi: kilio kimekwisha.

Kikabaki kikwembe. Mama Katungu alikuwa amekifua wiki nzima, akaondoa palipooza, na sehemu kubwa ilikuwa nzima. Jumatatu tulikwenda kwake kishonwe nguo zetu sote, tukasimama kuizunguka mashine yake ya kukanyaga. Mama akatoa mkasi, akampa baba.

Baba hakuupokea. "Mukikata, imekwisha," alisema.

"Ndiyo," mama akasema. "Iishe."

Hakusema kwa ukali. Alishika tu mkasi vilevile, mkono umenyooka, hadi baba akauchukua. Nikasikia kitambaa kinalia, krrr, krrr. Alikata vibaya ajabu, mwalimu wa hesabu asiyeweza kunyoosha mstari, na Mama Katungu akamwambia kwa kukata hivyo angepewa sufuri. Lakini hakumnyang'anya. Ule upindo ulipanda na kushuka kwenye gauni langu mpaka lilipochakaa, na nafikiri ni hapo nilipopenda mkasi. Sijawahi kuona tena chombo kidogo kikimfungua mtu mkubwa namna ile.

Jumapili! Ee, ile Jumapili! Tulishuka barabara wanne, sare: mama na kikwembe na blauzi yenye mabega ya juu, miye na gauni langu lenye upindo mlevi, Kambale na kikaptula chake, na baba na shati la buluu lenye kanga wanaomtembea kifuani, kichwa kinang'aa. Wale wanawake wa bomba la maji walisimama na bidoni mikononi. Mmoja wao, yule yule, alipiga kigelegele cha kwanza. Nilimpita nimeinua kidevu hadi shingo ikauma.

Na wakati wa matoleo, watu walipopanga mstari kucheza kwenda altareni na viazi vyao na maharagi yao na ndizi, baba alitoka kwenye benchi. Hakuwahi kutoka. Miaka yote alikaa na kitabu cha nyimbo mkononi kama mkaguzi. Alijitwisha kile kitunga cha viazi vya mjomba, akacheza mchezo wa kwao, ule wa Kwilu, mabega yanatetemeka na kiuno kinajibu, ngoma zikaacha mwendo wao zikamfuata yeye. Kanisa zima lilisimama. Vigelegele vilipiga paa. Na aliimba, vibaya, kwa nguvu, na padri hakumwambia apunguze. Nililia kwa furaha, miye mwizi, katikati ya watu wote wale.

Wiki hiyohiyo alipanda bati akaziba tundu. Akapaka chokaa. Akakata majani nyuma ya nyumba, na mjomba akampa kipande cha shamba Vuhovi, ambako wanafunzi wake walikuja kumcheka anavyoshika jembe kama chaki. Aliwaacha wacheke. Sanduku likagongwa kutu, mama akaweka humo mbegu za maharagi, maana panya hawalipenyi. Barua ya kuhamishwa ilifika miaka mingi baadaye, baba akaomba abaki. Alibaki.

Aliyebaki na sanduku lililofungwa ni miye. Miaka yote hii, kila nikipita ukuta wa matofali Butembo macho yangu yanatafuta. Tofali limemeguka? Kuna chuma kinachochungulia? Kwa padri niliungama mara tatu na mara tatu nikaondolewa dhambi. Kwa baba sikuthubutu. Niliona wale kanga ishirini waliooza, niliona zile Jumapili alizokaa kando ya sanduku, nikajiambia: mtoto aliyefanya vile anaanzaje kusema? Nikasema likizo ijayo. Unaona tena?

Basi baada ya yule mteja wa naftalini kutoka, nilifunga kazi. Kikwembe chake kingali mezani kwangu. Atasema kata siku atakayotaka, si miye wa kumsukuma. Jumamosi nilipanda gari kwenda Butembo. Barabara ilikuwa tulivu siku hiyo, Mungu asifiwe. Ukuta baada ya ukuta, nilihesabu.

Nilimkuta baba nyuma ya nyumba, na buti zake za mpira, anachimbua viazi. Ana miaka sabini na kitu na anashika jembe vizuri kuliko wajomba zangu. Mama alikuwa kivulini anachambua maharagi. Sikungoja hata chai.

"Baba, kuko neno nataka kukuambia. Ile fungulo, ni miye niliitupa. Niliiingiza mu briki, mu tofali bichi."

Aliegemea jembe. "Fungulo gani?"

"Ya sanduku."

"Sanduku gani?"

"Ya kwetu, Baba! Ile ya chuma, ya kijani."

Alifikiri. Niliona anatafuta kweli, kwa moyo mweupe, kama mtu anayetafuta jina la mwanafunzi wa zamani.

"Ile ya maharagi?" akaniuliza. "Ilikuwaka na fungulo?"

Mama alicheka hadi ungo ukamwagika. Nikajaribu kumwelezea baba: wanawake wa bomba la maji, mke wa Kwilu, Salamu Maria, mvua, kutu, kanga waliooza. Alinisikiliza kwa heshima, anatikisa kichwa. Nilipomaliza, aligonga udongo kwenye jembe.

"Nakumbuka ile robe yako," alisema. "Nilikata miye. Ulikuwa muzuri ile siku, Masika, unatembea kama muke wa gavana." Kisha akatazama mawingu upande wa Lubero. "Bon. Shika kitunga, mvua inakuja."

Nikavua viatu. Tulichimba watatu, mama akituelekeza kana kwamba hatujawahi kuona kiazi, na mvua ikatukuta kwenye mstari wa mwisho, tukakimbia na vitunga tukipiga kelele kama watoto. Asubuhi nikapanda gari na gunia langu, nikapiga gumzo njia nzima na mama mmoja aliyebeba kuku. Nilikuwa nimeshashuka Beni, nimelipa kijana wa kunibebea viazi, ndipo nilipokumbuka kwamba sikutazama ukuta hata mmoja.